Mawe Sitini ya Ikungwe

Zama zile pembe za ndovu zilipokuwa zikisafiri juu ya mabega ya watu kutoka bara hadi pwani, na kila mtemi aliyekaa kando ya njia akijiona ameishika dunia kwa sababu tu ana majora mawili ya kitambaa cha merikani na kipipa cha baruti, palikuwa na boma liitwalo Ikungwe. Lilizungushiwa magogo ya mninga yaliyochimbiwa ardhini bega kwa bega, na nje ya magogo kulikuwa na ua wa minyaa uliofungamana hata nyoka alipita kwa kuomba radhi. Ndani mlikuwa na nyumba sitini, kisima kimoja kisichokauka, na njaa.

Njaa hiyo ililetwa na Lubasha wa Usongo. Lubasha alikuwa mtu wa mikuki elfu moja na busara chache. Mara mbili alijaribu kulivunja boma, na mara mbili aliwaacha vijana wake wananing'inia kwenye minyaa kama nguo zilizoanikwa. Hapo akaketi chini na kungoja njaa imfanyie kazi, kwa maana njaa haihitaji ngao. Alikuwa na joho jekundu la mahameli alilomnyang'anya tajiri mmoja wa msafara, akalivaa jua la utosini, jasho likimtiririka kama mtungi wa pombe unaovuja. Alikuwa amelivaa nyuma mbele. Katika watu wake elfu hapakuwa na hata mmoja aliyethubutu kumwambia.

Ilipofika siku ya arobaini na moja ya mzingiro huo, Kalekwa binti Shija aliamka alfajiri, akampakata mwanawe, akamtia titi mdomoni. Mtoto, Nyamizi, alikuwa wa miezi saba. Alinyonya, akaachia, akanyonya tena, kisha akamtazama mamaye usoni bila kulia. Kutolia kule ndiko kulikomtia Kalekwa hofu. Mumewe Maduhu alikuwa juu ya magogo na gobori lake, na huko hakuna awezalo mwanamume kuhusu maziwa.

Mara ikasikika baragumu. Hiyo ilikuwa ada ya kila alfajiri. Mpina, mpiga mbiu wa Lubasha, alipanda kichuguu kilichokuwa mbali kidogo, pale mshale usipofika, akaanza kunena kwa sauti ile nene iliyomfanya aishi vizuri bila kushika jembe.

"Enyi watu wa Ikungwe! Mmeamkaje? Vile viti vya ngozi mmeshavitafuna, au bado mnavikalia?" Nyuma yake wakacheka wapiganaji. "Mimi sina haja ya kuchungulia. Masikio yangu yananitosha! Kila nyumba yenye nafaka husaga alfajiri. Juzi nimesikia mawe tisa. Jana manne. Leo, enyi wakubwa, nimesikia jiwe moja tu! Kesho nitasikia nini? Nzi!"

Kisha akatoa masharti, yale yale. Lango lifunguliwe. Wanaume watabeba pembe hadi pwani na huko watajua mbele ya safari. Wanawake watagawanywa. "Na watoto wa mgongoni," akamalizia, kama mtu anayetaja takataka, "hao waachwe jalalani. Hawabebeki njiani."

Kalekwa akamfunga Nyamizi mgongoni, akakaza kaniki mara mbili.

Siku ile ile baraza likakaa. Mtemi Lugembe alikaa juu ya kigoda chake, mnene bado, jambo lililowashangaza watu wenye macho. Kulia kwake alikaa Kishosha, mganga wa ikulu, mwenye hirizi nyingi kuliko nywele. Wazee wakazungumza kwa mafumbo marefu, na fumbo lilipofumbuliwa maana yake ikawa ni hii: lango lifunguliwe baada ya siku tano, ila Lubasha aombwe kwa heshima amwache Mtemi na nyumba yake.

"Nyumba yake tu?" akauliza mtu upande wa wanawake.

Wazee wakageuka. Kalekwa alikuwa amesimama, jambo ambalo mke wa mpiga gobori hafanyi barazani.

"Baba Mtemi, niwie radhi," akasema, akapiga goti nusu. "Yule aliye nje hawezi kutuona. Anatusikia tu. Amesema mwenyewe kwa kinywa chake. Basi tumpe cha kusikia. Tusage."

"Tusage nini, binti?" Mtemi akauliza.

"Chochote. Nyumba zote sitini, alfajiri, kwa nyimbo. Lubasha alikuja na chakula cha mwezi mmoja, na wingu la mvua ya kupandia liko hapo milimani. Akiamini tuna nafaka, atakaa angojee nini?"

Baraza likacheka. Kilikuwa kicheko cha wanaume ambao wameshakubali kushindwa na hawataki kusumbuliwa. Mzee mmoja akafuta machozi kwa ncha ya shuka. "Mikuki imeshindwa, gobori limeshindwa, sasa tutaokolewa na vibwagizo vya jikoni!"

Kishosha hakucheka. Alitikisa hirizi zake. "Huyu msichana ataleta msiba. Hamjui mwiko? Jiwe la chini ni mama, jiwe la juu ni mwana. Asagaye patupu anamsaga mwanawe. Tangu dunia iwe, hajatokea mwanamke katika nchi hii aliyesaga jiwe tupu, si hapa, si Usongo."

"Ndiyo maana Mpina ataamini," Kalekwa akajibu.

"Na mwanao?"

Kalekwa akageuka ili wote wauone mgongo wake, na kile kichwa kidogo kilichoegemea pale bila nguvu. "Mwanangu anasagwa tayari, mzee wangu. Mnamsaga ninyi, mmekaa."

Kisha Mtemi akapunga mkono kama anayefukuza kuku. "Wanawake na wakacheze na mawe yao. Siku tano zikipita ikishindikana, lango linafunguliwa."

Nyumbani alimkuta mavyaa wake, Bibi Ngolo, amekaa kizingitini, ameshapata habari zote. Ikungwe habari ilikwenda kwa miguu myepesi kuliko ya watu. Bibi Ngolo alikuwa mwembamba kama mchi, na ulimi wake ulikuwa umewafukuza wakwe wawili kabla ya Kalekwa.

"Umesimama mbele ya wanaume," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ukamjibu mganga."

"Ndiyo, mama."

"Mjinga wewe." Bibi Ngolo akainuka akijishika kiuno. "Unadhani jiwe tupu linasikika kama jiwe lenye mtama? Jiwe tupu linalia kiii, kama mbuzi mwenye kisu shingoni. Yule Mpina mamaye alikuwa msaga nafaka, namjua. Hutamdanganya kwa kelele. Lete vitu, tujaribu. Usinisimamie hapo kama nguzo."

Basi wakajaribu. Bibi Ngolo akaketi nyuma ya nyumba, ameupa ukuta mgongo, ili asikie bila kuona. Kalekwa akatia mchanga.

"Mchanga huo!" sauti ikatoka nyuma ya ukuta. "Hata kiziwi anajua."

Akatia pumba kavu.

"Hizo pumba. Zinanong'ona. Chakula hakinong'oni, mwanangu, chakula kinajisifu."

Akatia vigae vya chungu alivyovipondaponda. Bibi Ngolo akaguna tu. Kufikia adhuhuri Kalekwa alikuwa ametia mifupa, mbegu za mamumunye na magome ya mti. Mwisho akachukua udongo mwekundu wa kichuguu, ule unaokandikiwa nyumba, akaukanda kwa maji ya kisimani, akaufinyanga vidonge vidogo vidogo vya ukubwa wa punje, akavikaanga kigaeni hadi vikakauka. Akavimwaga juu ya jiwe. Akasukuma.

"Mtama," Bibi Ngolo akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mtama mwekundu. Haujakauka vizuri, ulivunwa mapema." Kisha akatokeza kwenye kona ya nyumba, akatazama lile vumbi jekundu lililomwagika ungoni, akameza mate kama mtu aliyeona ugali. "Nimesikia njaa," akasema. "Masikio yangu ya miaka yote, na nimesikia njaa tumboni. Haya. Waite wanawake wote."

Siku mbili wanawake wa Ikungwe wakafinyanga punje za udongo. Walikaa uani kwa mafungu, vidole vyao vikiwa vyekundu hadi viganjani, watoto wakilala mapajani. Waliogopa mwiko, tena sana. Mmoja alilia huku anafinyanga. Lakini yale maneno ya Mpina juu ya jalala yalimwingia kila aliyekuwa na mtoto mgongoni, na mwanamke aliyekwisha kutajiwa jalala hatishwi tena na hirizi.

Alfajiri ya siku ya arobaini na nne Mpina akapanda kichuguu chake, akainua baragumu. Hakupiga. Ndani ya boma jiwe moja lilianza kusugua, zito, la taratibu. Kisha matano. Kisha ishirini. Kisha Ikungwe nzima ikanguruma kama mto uliopata mvua, na juu ya ngurumo ile ikapanda sauti nyembamba ya mwanamke mmoja:

*Saga, mwana, saga,
jirani anasikia.
Kajenga kibanda nje,
mlangoni pa wenye chakula!*

Na sauti za nyumba sitini zikaitikia:

*Saga, mwana, saga,
mate yanamtoka!*

Katika nchi ile ilikuwa sheria ya kale kwamba neno la jiweni halina baraza. Mwanamke akiwa anasaga ataimba alitakalo juu ya mumewe, mavyaa wake, hata mtemi wake, na hakuna wa kumshitaki, kwa sababu watu wote wanataka kula. Miaka yote wanawake wa Ikungwe walikuwa wameitumia ruhusa hiyo kwa mambo madogo, mume mlevi, wifi mchoyo. Sasa walipewa mtu mzima mwenye joho.

*Ana mikuki elfu,
jembe hana hata moja.
Mkewe analima na nani?
Jirani kamshikia mpini!*

"Mnasaga nini ninyi?" Mpina akapaza sauti. Ile sauti nene ilikuwa na ufa.

"Tunasaga chakula cha mbwa!" akajibu Bibi Ngolo kutoka uani kwake. "Binadamu tumeshakula!"

"Mlikuwa hamna kitu! Juzi jiwe moja!"

"Juzi tulikuwa tumeshiba!" akajibu Kalekwa. "Ninyi kwenu mkishiba mnaendelea kusaga? Ama hamjawahi kushiba mkajua?"

Kicheko kikasikika. Hakikutoka bomani. Kilitoka kambini kwa Lubasha, kicheko kifupi kilichokatizwa kwa kofi.

Hivyo ndivyo walivyofanya siku ya arobaini na nne, na ya arobaini na tano. Msidhani ilikuwa kazi nyepesi. Kusaga ni kazi ya mtu aliyekula, nao waliifanya wakiwa wamekunywa maji na majani. Mwanamke mmoja alianguka juu ya jiwe lake, na binti yake akamsogeza pembeni akashika nafasi hiyo hiyo bila wimbo kukatika. Kalekwa aliimba mpaka koo likawa na ladha ya chuma. Na bado Nyamizi alikuwa mgongoni, mwepesi, kila siku mwepesi zaidi, akiyumba na mwendo wa jiwe.

Siku ya arobaini na sita akaja Lubasha mwenyewe. Akafika karibu kiasi cha kuonekana jasho lake, vijana sita wakimkinga kwa ngao za ngozi ya nyati, na nyuma yake jeshi lote limesimama likisikiliza.

"Mpina ni mjinga, mimi si mjinga," akanena. "Mnasema mna unga. Vema. Rusheni kibuyu kimoja nje ya minyaa. Nikiuonja nikakuta ni unga, naondoka leo hii, naapa kwa kaburi la baba yangu. Msiporusha, nitajua ni hila za wanawake, na nitakaa hapa mpaka nisikie mifupa yenu ikigongana."

Hapo ndipo Mtemi Lugembe alipofanya tendo lake la pekee katika vita vile. Alikimbia. Alikimbilia ndani ya nyumba yake, akatoka amekumbatia kibuyu kikubwa, na ndani ya kibuyu kile mlikuwa na unga. Unga halisi, mweupe, uliochekechwa. Watu wakautazama, kisha wakalitazama tumbo la Mtemi, na hata wasiojua hesabu wakajua lile jiwe moja la mwisho lilikuwa la nani.

"Rusheni!" akasema, pumzi zimemwishia. "Rusheni upesi, ataondoka! Ameapa!"

Kijana mmoja akanyoosha mikono kukipokea. Kalekwa akawahi kukichukua. Harufu ya unga ikampanda puani, na mgongoni akahisi mtoto ameinua kichwa.

"Haurushwi," akasema.

"Umerukwa na akili?" Kishosha akamaka. "Huo ndio ushahidi anaoutaka!"

"Ndiyo sababu haurushwi. Mzee wangu, wewe una ng'ombe mia, mpita njia akikuambia niapie kama una ng'ombe, unaapa? Unamwitia mbwa! Anayebembeleza aaminiwe ni mwongo. Mwenye nacho hutukana." Akamkabidhi Bibi Ngolo kibuyu. "Na tukirusha hiki, kesho akiomba cha pili tutarusha nini? Mama, pika uji. Watoto wote. Kila mmoja kijiko, waanze wa mgongoni."

"Huo ni unga wangu!" Mtemi akasema.

Bibi Ngolo akampima kuanzia nyayoni hadi utosini. "Ulikuwa," akasema, akaenda zake kuwasha moto.

Ndipo Kalekwa akapanda ngazi ya magogo, akasimama pembeni mwa mumewe. Maduhu alimsogezea nafasi na kuelekeza gobori nje. Kalekwa akamtazama yule mtu aliyetaka kumtupa mwanawe jalalani. Alikuwa amemwogopa siku arobaini na sita. Sasa alipomwona kwa karibu, amelowa jasho, amesimama kwenye jua akisubiri unga wa watu, hofu ilimtoka ikabaki dharau tupu.

"Lubasha wa Usongo!" akaita. "Nimesikia haja yako. Umetembea siku kumi na mbili, umeleta mikuki elfu, umezika wenzako kwenye minyaa, kumbe ulikuja kuomba unga? Si ungesema tangu mwanzo! Ombaomba wetu hapa wanakuja na bakuli!"

Jeshini mtu akakohoa.

"Kibuyu hatukupi. Hapa kwetu asiyelima hali. Unga wetu una wenyewe, nao wananuka maziwa, hawanuki jasho kama wewe. Nenda kwa mkeo akakupikie, kama bado anakumbuka sura yako. Tena ukifika mwulize swali moja: ni nani alikuvalisha joho nyuma mbele, na katika watu wote hawa elfu, je, hakuna hata mmoja anayekupenda kiasi cha kukuambia?"

Lubasha akajitazama kifuani. Lilikuwa kosa. Angalikaa kimya, angaliinua mkuki, angalifanya lolote lingine duniani. Lakini alijitazama, akapapasa mgongoni kutafuta vifungo, na mikuki elfu ikamwona akipapasa. Kicheko kikaanza kwa mmoja, kikashika kumi, kikaenda kama moto wa nyasi. Hakukuwa na kofi la kukizima. Na wakati huo huo, kutoka ndani ya boma, upepo ukachukua harufu ya uji unaochemka ukaipeleka nje, kwa watu waliokuwa wakila mizizi siku nane.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya pili yake. Usiku ule watu hamsini wa Lubasha walikwenda kupanda mashamba yao bila kuaga, na kesho yake mia mbili. Alfajiri ya siku ya arobaini na tisa hapakuwa na baragumu. Kichuguu cha Mpina kilikuwa kitupu, na kambi nyuma yake pia.

Maduhu na wenzake watatu waliwafuata kwa mbali siku nzima, kuhakikisha hawarudi. Waliporejea walikuwa hawawezi kusimulia kwa kucheka. Jeshi linalotembea linahitaji wimbo, wakasema, wala nyimbo za vita hazikuwafaa tena wale watu. Wakatembea kimya kitambo. Kisha mmoja mbele akaanza kwa kuguna tu, hatua na wimbo vikapatana, maana mwendo wa jiwe ni mwendo wa mguu: *Saga, mwana, saga, jirani anasikia.* Lubasha alimpiga wa kwanza kwa fimbo. Wimbo ukaanzia nyuma. Alipokimbilia nyuma, ukaanzia mbele. Jua lilipotua alikuwa anatembea katikati ya jeshi lake mwenyewe, amevua joho, na pande zote nne wanamwimba. Miezi michache baadaye alituma wajumbe kwa watemi wa jirani kutafuta msaada wa vita vingine. Wajumbe walisikilizwa kwa adabu, wakapewa pombe, na walipotoka nje walisikia kupitia ukuta wanawake wakisaga na kumtaja bwana wao kwa jina. Hakuna aliyempa hata mkuki mmoja.

Nyamizi aliishi. Alinenepa msimu wa kunde, akaanza kutembea kabla ya mavuno, na akawa na sauti ambayo Bibi Ngolo aliilaani kila asubuhi kwa furaha.

Ikulu nayo ikaandaa historia yake. Kishosha alieleza kwamba Lubasha alifukuzwa na dawa aliyoifukia langoni. Mtemi Lugembe akajipa jina jipya, Mvunja Mzingiro, na watu wakaliitikia, kwa sababu kuitikia hakuna gharama. Mwimba sifa wa ikulu, kijana laini mwenye zeze na shuka safi, akaamriwa atunge utenzi wa ushindi uimbwe kila mwaka. Alikaa siku tano akapata beti mbili mbovu. Siku ya sita akaja uani kwa Kalekwa, akamkuta anasaga mtama mpya.

"Dada," akasema, akijitandikia ngozi kivulini, "wanasema wewe unayajua yale maneno. Nipe niyatengeneze. Nitaweka jina la Mtemi mahali pake."

Kalekwa hakukasirika. Alimtazama kuanzia zeze hadi kucha, kucha safi kabisa, kisha akasogea pembeni na kulisukuma jiwe la juu kuelekea kwake.

"Karibu, kaka yangu," akasema. "Kaa hapa usage. Yatakuja yenyewe."

Kijana akalitazama jiwe. Akatazama viganja vyake. Akasema ameitwa ikulu, akabeba zeze lake akaenda.

Kalekwa akarudi mahali pake, akashika jiwe, na kijana yule, kabla hajafika kwenye lango, alikuwa ameshasikia nyuma yake ubeti mpya unaanza, nao ulikuwa unamhusu yeye.